Mwisho wa Mtu Haukisiwi



Leo naomba tujifunze kitu kupitia tamthilia. Ndiyo, tamthilia! Wengi wetu tunaziangalia, na kuna wanaokesha nazo kuliko wanavyokesha na rozari. Basi na zitufundishe. Tahadhari moja: kama unaiangalia Breaking Bad na hujaimaliza, imalize kwanza ndipo urudi hapa, maana mwisho wake nitausema.

Tamthilia hii ilirushwa Marekani na kituo cha AMC kuanzia Januari 2008 hadi tarehe 29 Septemba 2013, sehemu 62 katika misimu 5. Inamhusu Walter White, mwalimu wa kemia wa sekondari katika mji wa Albuquerque, anayeambiwa ana saratani ya mapafu. Anaanza kutengeneza dawa za kulevya pamoja na Jesse Pinkman, mwanafunzi wake wa zamani, akisema anataka kuiachia familia yake akiba. Kidogo kidogo yule mwalimu mpole anageuka muuaji.

Msimu wa mwisho ulianza Julai 2012 kwa kutuonyesha mambo ambayo bado hayajatokea. Walter amefuga ndevu, anatimiza miaka 52 akiwa peke yake mgahawani, kisha anatoka nje na kununua bunduki kubwa ya rashasha. Baadaye tukamwona anarudi kwenye nyumba yake iliyoachwa tupu, anachukua sumu aliyokuwa ameificha humo. Basi, mashabiki hawakulala! Bunduki ni ya nani? Sumu ni ya nani? Huyu anasema saratani itammaliza. Yule anasema Jesse ndiye atamuua. Mwingine anasema sumu ataimeza mwenyewe.

Kukisia hadithi si dhambi, ni raha tu. Lakini ukisikiliza vizuri, makisio yale yalikuwa hukumu, na yaligawanyika mara mbili. Kuna waliosema jamaa ameshaharibika, hana pa kurudia, lazima afe vibaya. Na kuna waliotaka awazidi wote ujanja, atoke na hela zake, mambo yaishe. Katekisimu (KKK 2091-2092) inataja dhambi mbili zinazopingana na tumaini: kukata tamaa, yaani kuona kwamba Mungu hawezi tena kuokoa, na kujiaminisha kupita kiasi, yaani kudhani utaokoka hata usipoongoka. Makundi yale mawili ya mashabiki yalikuwa yamesimama palepale.

Mwisho wenyewe ulikujaje? Walter alimwendea mkewe, na kwa mara ya kwanza akakiri kwamba hakufanya yale kwa ajili ya familia. Aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu aliyapenda. Sumu akamlisha mtu mwingine. Bunduki ikaliangamiza genge lililokuwa limemfunga Jesse na kumtumikisha kama mtumwa. Walter akamkinga Jesse kwa mwili wake, akapigwa risasi, akafa peke yake katikati ya mitambo ya maabara, polisi wakiingia. Jesse akatoka mzima, akaendesha gari kwa kasi huku analia na kucheka.

Je, Walter alitubu? Swali hili ni zuri kwa kikundi chenu cha vijana. Kusema ukweli kuhusu dhambi yako ni mlango wa toba, lakini nyumba ina vyumba vingine. Kanisa linatufundisha majuto, maungamo na malipizi. Walter alisema ukweli, halafu akaenda kuua. Hata hivyo, sisi hatukuuona moyo wake katika ile dakika ya mwisho.

Na sasa sikia hili. Vince Gilligan, mtunzi wa tamthilia hiyo, amewahi kusema kwamba mwanzoni alipanga Jesse afe katika msimu wa kwanza, halafu akabadili mawazo. Amesema pia kwamba walipoandika habari ya ile rashasha, yeye na wenzake hawakuwa bado wanajua itatumika kwa nani. Kwa hiyo shabiki aliyeapa kwamba anajua mwisho, aliapia kitu ambacho mtunzi mwenyewe alikuwa hajakiandika!

Kukisia mwisho wa mwenzako kumo hata katika Injili. Fungua Yohane 21:20-23. Petro ameshaambiwa ni kifo gani kitamtukuza Mungu katika maisha yake. Anageuka, anamwona yule mwanafunzi mwingine, anauliza: na huyu itakuwaje? Yesu anamjibu kwamba hilo halimhusu. Yeye amfuate tu. Pamoja na jibu hilo, uvumi ukaenea kati ya ndugu eti mwanafunzi yule hatakufa. Yesu hakusema hivyo, na mwinjili ikabidi asahihishe. Ndiyo kusema makisio ni ya siku nyingi.

Sasa tutoke kwenye hadithi. Mtaani kwetu kuna kijana aliyekuwa mtumishi wa altare. Akaanza kuuza bangi, kisha vitu vikali zaidi, akakamatwa, akafungwa. Kwenye jumuiya watu walisema mwisho wake unajulikana: akitoka atarudi humohumo, au siku moja atachomwa moto na wananchi. Hakuna aliyesema kwa chuki. Walisema kama watu wanaoongelea mvua. Lakini nikaona kitu: ikifika zamu ya kutaja nia za sala, mama yake peke yake ndiye anayetaja jina lake. Wengine tumenyamaza.

Hapo ndipo penye hatari, vijana. Ukishajua mwisho wa mtu, unaacha kumwombea. Utamwombea nini, kama filamu yake umeshaimaliza kichwani mwako?

Kanisa ni mama mwenye busara. Linatuambia tunaweza kusema tendo hili ni kosa kubwa, lakini hukumu ya mtu mwenyewe tuiachie haki na huruma ya Mungu (KKK 1861). Limewatangaza watakatifu wengi, ila halijawahi kutangaza kwamba mtu fulani, kwa jina lake, yuko motoni. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu (Lk 23:39-43), nani Yerusalemu asubuhi ile angekisia kwamba jioni angekuwa peponi? Lakini jirani yake, msalaba wa pili, alikuwa karibu na Yesu vilevile na akatukana. Wa kwanza anatukataza kukata tamaa. Wa pili anatukataza kuchezea muda.

Wiki hii fanya mambo matatu:

1. Mtaje mtu mmoja ambaye umeshamwandikia mwisho wake kichwani. Sema jina lake mbele ya Mungu kila jioni.

2. Kama anafikika, mfikie. Mtumie ujumbe, au mtembelee gerezani pamoja na viongozi wa parokia (Mt 25:36). Usiende na hotuba.

3. Jiulize na wewe: ni dhambi gani ninayoiita "kwa ajili ya familia" wakati naipenda tu? Ipeleke kwenye kitubio kabla ya Jumapili.

Yule kijana bado yuko ndani. Mwisho wake siujui, na jumuiya yetu haiujui. Tunalijua jina lake, na hilo linatosha kumwombea.

Tusali: Bwana Yesu, wewe peke yako unaujua mwisho wetu, nawe hujachoka kutungoja. Utuondolee kiburi cha kuwahukumu wenzetu, utupe moyo wa kuwaombea, na utusaidie sisi wenyewe kukufuata leo. Amina.