Dondoo Muhimu: Baiskeli, Muziki na Raha Ndogo za Kibiti

Toka alfajiri. Barabara ya Kilwa hupita Kibiti ikielekea Lindi na Mtwara, na mabasi yake hayasubiri mtu. Kabla jua halijakaza unaipata ikiwa na nafasi na ubaridi.

Muziki uwe wa wazi. Hedifoni ziache nyumbani. Funga redio ndogo kwenye usukani, sauti ya wastani, ili usikie honi nyuma yako. Kwangu mimi, gita la Mbaraka Mwinshehe ndilo linalofaa zaidi kwa mwendo wa kupiga pedali taratibu. Taarabu naiweka kwa ajili ya mapumziko, chini ya mwembe. Ukipita msikitini, msibani au shuleni, zima.

Mchanga na chumvi. Kwenye njia za mchanga punguza upepo kidogo kwenye matairi, kisha ujaze tena ukirudi kwenye lami. Ukifika Nyamisati, bandari ya kwendea Mafia, hewa ya chumvi na tope la mikoko vitaushambulia mnyororo. Uoshe kwa maji baridi, uukaushe, uupake oili siku hiyohiyo. Beba viraka, gundi na pampu.

Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa karibu kilomita moja. Usisimame katikati kupiga picha. Vuka kwanza, egesha pembeni, ndipo uutazame mto Rufiji kwa raha.

Dafu na korosho nunua kwa wauzaji wa kando ya barabara. Wakati wa masika, waulize wenyeji hali ya njia kabla hujaondoka.