Kuzeesha Mabehewa ya Mfano: Rangi, Vumbi na Haki ya Mnunuzi

Somo hili linawahusu wale wanaounda au kununua mabehewa madogo ya mfano, kisha wakayapaka rangi na kuyachakaza kwa makusudi ili yafanane na mabehewa halisi yaliyokaa relini miaka mingi. Kazi hiyo ya kuchakaza ndiyo tunayoiita hapa kuzeesha. Kwa wakazi wa ukanda wa Tanga si jambo geni. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ziko familia ambazo vizazi kadhaa vimekua vikitazama mabehewa yakipita nyuma ya nyumba, na watoto wake wameunda treni za makopo, waya na ndala kuukuu. Siku hizi rangi ya kupuliza hupatikana dukani, na seti kamili za mabehewa huweza kuagizwa kutoka nje kwa simu ya mkononi. Palipo na manunuzi, mlaji anahitaji mwongozo.

Ipo sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tuupe mchezo huu kurasa zake. Kuzeesha ni kazi ya vumbi. Mwenye kuzeesha hupiga msasa, hukwangua, husaga, hupuliza. Na mara nyingi hufanya hayo juu ya meza ya chakula, jioni, watoto wakiwa wamemzunguka. Rangi ambayo ikikaa ukutani bila kuguswa hatari yake ni ndogo, mikononi mwake hugeuka unga.

Tuanze na behewa lenyewe, kwa kuwa asiyelitazama hununua mengi asiyoyahitaji. Simama mahali palaporuhusiwa, nje ya eneo la reli, ulitazame behewa la mizigo kuanzia juu hadi chini. Uchafu wake una sababu na una mwelekeo. Paa limepauka kwa jua. Kutu huanzia kwenye ukingo wa chini wa ubavu, pale maji ya mvua yanapokusanyika, na kuzunguka vichwa vya ribiti. Kwa behewa lililokaa karibu na bandari, upepo wa bahari wenye chumvi huharakisha kutu hiyo. Vumbi jekundu la barabarani na mashambani hukaa theluthi ya chini. Karibu na magurudumu rangi ni ya kahawia iliyoiva, kwa sababu breki zinaposuguana na gurudumu hutoa unga wa chuma. Behewa lililobeba saruji huwa na michirizi ya kijivu cheupe inayoshuka kutoka mlangoni. Nasi tulio jirani na kiwanda cha Pongwe hatuhitaji kuambiwa vumbi la saruji linafananaje. Lililobeba marobota ya katani huonekana zaidi kwenye kizingiti cha mlango, ambapo rangi imelika hadi chuma kikang'aa. Mtu akipaka kutu kila mahali kwa usawa, behewa lake huonekana limepakwa rangi ya kahawia tu.

Baada ya kutazama hivyo, orodha ya manunuzi hupungua sana. Unga wa kuzeeshea unaouzwa katika vichupa, kwa sehemu kubwa, ni rangi ya udongo iliyosagwa laini. Udongo mwekundu wa uwani, ukikaushwa juani na kuchekechwa mara mbili kwa kitambaa chepesi, hufanya kazi hiyo hiyo. Mkaa uliosagwa hutoa weusi wa moshi. Chaki nyeupe hutoa saruji. Kwa kutu yenyewe, chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu na si zile zisizopata kutu, uziloweke katika maji ya chumvi, kisha uziache kwenye chombo kilicho wazi kwa siku chache hadi ziwe unga. Wapo wanaotaka kuharakisha kwa kuchanganya siki na jiki. Tunakataza kabisa. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo hudhuru mapafu na katika chumba kidogo huweza kuua.

Udongo huo uchotwe bustanini au shambani, usichotwe kando ya reli. Na hapa tunafika kwenye kishawishi ambacho wengi hawakioni kuwa ni hatari: kwenda kwenye mabehewa makuukuu yaliyotelekezwa na kukwangua kutu halisi ili "behewa dogo lipate damu ya lile kubwa." Maneno hayo yanapendeza, lakini kwa miaka mingi duniani kote chuma cha madaraja, meli na reli kilikuwa kikipakwa rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Anayekwangua behewa la zamani hajui anachokiweka katika kopo lake. Huenda ni kutu, na huenda ni risasi iliyochanganyika na kutu. Macho hayawezi kutofautisha.

Madini ya risasi yanahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa yanaweza kuwamo hata katika rangi mpya. Baadhi ya rangi za mafuta za njano, chungwa na nyekundu hupata mng'ao wake kutokana na misombo ya risasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza sheria za nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 kwa kila sehemu milioni za rangi iliyokauka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Madhara yake makubwa ni katika ubongo unaokua: mtoto hujifunza kwa shida, na uharibifu huo haurudi nyuma. Haumi, hawashwi, wala haoti upele. Kwa hiyo mzazi huweza kukaa miaka asijue. Mtu anayepiga msasa ubavu wa behewa uliopakwa rangi ya namna hiyo, akapangusa meza kwa kiganja, kisha akamkatia mwanawe mkate, amekwisha kumlisha.

Kwa sababu hiyo, fedha uliyookoa kwa kuchekecha udongo wa bure itumie kununua rangi nzuri. Tunamshauri mlaji achague rangi ya maji badala ya rangi ya mafuta, anunue kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo, maelezo ya matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) au maelezo ya wazi kuwa haina risasi. Tunajua ilivyo katika maduka mengi: muuzaji hupima rangi kidogo kutoka kopo kubwa na kuitia katika kikopo kisicho na maandishi, kwa kuwa mteja anahitaji kiasi cha kijiko tu. Ombi la mteja ni la haki na msaada wa muuzaji ni wa nia njema, lakini rangi ikishahamishwa haina tena mwenyewe. Ukilazimika kununua hivyo, omba uonyeshwe kopo la asili na uandike jina na namba yake kwenye kikopo chako kabla hujatoka dukani. Wapenzi watatu au wanne wakichangia kopo moja, tatizo huisha.

Thina nayo ina hadithi yake. Huuzwa katika chupa za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa, haina rangi, na ikiwekwa mezani kwenye joto la Tanga mtoto mwenye kiu haulizi. Tusiseme mengi: usiipokee katika chupa ya kinywaji, hata ukiambiwa chombo kingine hakipo. Endapo mtu ameinywa, usimlazimishe kutapika, kwa maana inaporudi huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chombo chenyewe. Thina na rangi ya kupuliza zitumike nje, mbali na jiko la mkaa na taa ya mafuta. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kiasi, haizuii mvuke. Petroli isitumike kamwe kuoshea brashi.

Sasa kazi yenyewe. Sisi tuliifanya kabla ya kuiandika, kwa behewa la boksi gumu la maziwa, na tulikosea mara moja kosa linalostahili kusimuliwa. Tulipaka rangi ya msingi ya kijivu, tukaiacha usiku mzima. Asubuhi tulipitisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, tukaifuta kwa kitambaa kwa kuvuta kutoka juu kwenda chini, uelekeo wa mvua. Ikabaki kwenye mikunjo na pembe, kama tulivyotaka. Kisha tukapaka unga wa udongo na chaki kwa brashi laini, na lilipendeza mno. Tukapaka vanishi juu yake ili kuufunga. Chaki yote ikatoweka! Vanishi hulowanisha unga, na unga mweupe ukilowa hupoteza weupe wake. Dawa yake ni kupaka vanishi isiyong'aa kwanza, kwa tabaka jepesi, kuiacha ikauke, ndipo unga uwekwe juu na usifunikwe tena. Au uzidishe chaki ukijua kuwa nusu itapotea. Behewa la kuwekwa kabatini halihitaji kufunikwa. La kuchezewa na mtoto lisipakwe unga kabisa, lipakwe rangi ya maji pekee, na kila kipande kidogo kigundishwe imara.

Msasa utumike ukiwa umeloweshwa maji, ili vumbi ligeuke tope. Tandika gazeti, ulikunje likiwa bado bichi na ulitupe. Usifagie wala usipulize kwa mdomo. Mikono ioshwe kwa sabuni, na meza ya kazi isiwe meza ya chakula. Kwa nyumba ya chumba kimoja tunaelewa ugumu wa sharti hilo la mwisho. Ubao wa kuwekwa barazani na kusimamishwa ukutani baada ya kazi unatosha.

Kwa anayeagiza mabehewa au njia kutoka nje, kosa la gharama kubwa ni kuchanganya kipimo na upana wa reli. Kipimo husema behewa limepunguzwa mara ngapi: behewa la urefu wa mita 10 huwa na milimita 115 katika kipimo cha 1:87, na takriban milimita 62 katika kipimo cha 1:160. Upana wa reli ni umbali kati ya vyuma viwili vya njia. Reli ya Tanga ina upana wa milimita 1,000, ilhali reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma ina milimita 1,435. Katika kipimo cha 1:87, ile ya kwanza huwakilishwa na njia ya milimita 12 na ya pili na njia ya milimita 16.5. Seti nyingi zinazouzwa ni za milimita 16.5, na muuzaji akiandika 1:87 peke yake hajakuambia la kutosha. Muulize namba zote mbili kwa maandishi kabla ya kulipa, na uhesabu ushuru wa forodha na usafirishaji katika bei. Kama behewa litakaa kabatini tu, upana wa reli usikusumbue wala usiulipie zaidi. Seti zenye taa huweza kuwa na betri ndogo za duara. Mtoto akimeza moja, huunguza koo ndani ya saa chache, hivyo kifuniko chake kiwe cha skrubu.

Kuhusu vipande halisi vya reli vinavyouzwa kama mapambo: boliti, kibao cha namba au kipande cha chuma kilichong'olewa njiani ni mali ya umma, na anayekinunua huingia matatani pamoja na aliyekiiba. Isitoshe, boliti moja inayokosekana ina treni ya abiria inayopita juu yake.

Mwisho, wapo wanaouza mabehewa waliyoyazeesha, nasi tunawatakia biashara njema. Hata hivyo, uzee wa rangi usiuzwe kama uzee wa kweli. Kumwambia mgeni kwamba kibehewa kilichoundwa mwaka huu ni kumbukumbu ya enzi za ukoloni ni kumpotosha mlaji, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mnunuzi adai risiti, na risiti itaje kuwa bidhaa imezeeshwa kwa mkono. Muuzaji naye aligeuze behewa chini juu na kuandika kwenye sakafu yake, kwa penseli, mwezi na mwaka wa kuundwa pamoja na aina ya rangi iliyotumika.