Masika Yamepita, Sasa Pimeni Maji ya Visima

Baada ya masika, visima vifupi vya majumbani kwenye miteremko ya Mlima Meru na ukanda wa chini yake huwa vimejaa, na maji yake yanapendeza kwa macho. Ni rahisi kusahau kwamba kisima kilichojaa kimepokea pia kila kilichooshwa na mvua: kinyesi cha zizini, samadi iliyorundikwa uani, na uchafu wa choo cha shimo ambacho maji ya ardhini yamekifikia kutoka chini. Hoja yangu msimu huu ni kwamba maji ya kisima ni pembejeo kama mbegu na mbolea, na hayafai kutegemewa jikoni, zizini wala bustanini kabla ya kupimwa maabara. Tena kipimwe kisima chako mwenyewe. Majibu ya jirani hayakutoshi, hata kama mnatenganishwa na ua wa michongoma tu.

Sababu iko kwenye miamba. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini ya floraidi, nayo huyeyuka majini kwa viwango vinavyotofautiana sana kati ya kisima na kisima, kutegemea kina na tabaka la mwamba ambalo maji yamepitia. Floraidi haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiwango kikubwa zaidi, kisha nayo ikashuka hadi 1.5. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na mahali penye kiwango kikubwa mifupa hupinda. Watu wa King'ori na Ngarenanyuki, huku Meru, hawahitaji kuelezwa, wanaona. Kwa mifugo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linataja miligramu 2 kwa lita kuwa mwisho.

Wapo wanaosema, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha ni jambo jema na liendelee, kwa kuwa huua bakteria wa kinyesi, ambao maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja katika mililita 100. Lakini moto hauondoi floraidi, hauondoi chumvi, wala hauondoi naitreti inayotoka kwenye samadi, mbolea na vyoo. Mvuke ukiondoka, madini hubaki sufuriani, na maji yaliyosalia yana madini mengi zaidi katika kila lita. Naitreti ikipita miligramu 50 kwa lita ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwani huizuia damu yake kubeba hewa. Mama anayechemsha maji hayo kwa uangalifu wote anaamini amemlinda mwanawe, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Wengine husema kwamba wazee walikunywa maji hayohayo wakaishi miaka mingi. Waliishi, ndiyo, lakini wengi wao waliishi na meno yaliyoharibika na migongo isiyoinama. Isitoshe, kisima cha leo si cha enzi zao. Nyumba zimesogeleana, vyoo vimeongezeka, mbolea za viwandani zinamwagwa mita chache kutoka mdomo wa kisima, na wengi wamechimba chini zaidi, kwenye tabaka ambalo wazee hawakulifikia.

Kwa upande wa shamba, pimisha chumvi na sodiamu. FAO inaeleza kwamba maji yenye kipimo cha umeme chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana tatizo la chumvi, na yakipita 3 madhara huwa makubwa. Maharage huanza kupoteza mavuno kwenye 0.7 hivi, ilhali nyanya huvumilia hadi karibu 1.7. Maji ya ukanda wa Meru yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa pia na sodiamu nyingi, ambayo hugandisha udongo wa mfinyanzi hadi maji yakatuama juu. Mkulima huongeza mbolea mwaka hadi mwaka akidhani ardhi imechoka, kumbe anaiharibu kwa ndoo yake mwenyewe.

Swali zito zaidi ni hili: nikiambiwa maji ni mabaya, nitafanya nini, nami sina kisima kingine? Majibu ya maabara hayakulazimishi kufukia kisima. Yanakuwezesha kugawa matumizi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floraidi ya mwamba. Yahifadhiwe kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika, na ya kisima yaoshe nguo. Yapo pia machujio ya mkaa wa mifupa ya kupunguza floraidi, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeyafanyia kazi kwa muda mrefu. Bakteria wakionekana, jengea mdomo wa kisima, ufunike, utibu kwa klorini, kisha upime tena. Gharama ya kupima ipo, lakini kaya chache zinaweza kusafirisha sampuli zao kwa safari moja.

Pimeni sasa kwa ajili ya bakteria na naitreti, halafu mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, kwa ajili ya chumvi na floraidi, maana maji yanapopungua madini mara nyingi huzidi. Chupa ya bakteria itoke maabara ikiwa imetakaswa. Usiisuuze, usiguse mdomo wake kwa ndani, iweke kwenye ubaridi na uifikishe siku hiyohiyo. Ya madini isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe. Anzieni ofisi ya wilaya ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), mwulizie maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu, na mnapopokea majibu mdai yaandikwe kwa tarakimu, si neno "safi" peke yake.