Paa Lako Kabla ya Mvua: Jinsi ya Kuziba na Kuvalisha Upya Shitingi

Kwa sisi tunaoishi makambini mkoani Kigoma, mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo Septemba ni mwezi wa kutazama juu. Somo la leo linahusu paa la shitingi: namna ya kulikagua, kuliziba na kulivalisha upya.

KWA NINI PAA NI JAMBO LA AFYA?

Unaweza kujiuliza, mhamasishaji wa afya anatafuta nini juu ya paa? Sababu ni hizi:

- Maji yakidondokea kitandani, familia husogeza kitanda na kufungua chandarua. Usiku huo watoto hulala bila kinga, na malaria huingia.
- Shitingi iliyolegea hushika maji kama sahani. Yai la mbu huhitaji siku 7 hadi 14 tu ndani ya maji yaliyotuama ili kuwa mbu mzima.
- Nyumba yenye unyevu huota ukungu. Ukungu huwasumbua watoto wenye kikohozi na wenye pumu.
- Mahindi na unga vikilowa huota kuvu yenye sumu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika.
- Ukuta wa tofali za udongo ukinywa maji kutoka juu, huweza kuanguka juu ya waliolala.

HATUA YA 1: KAGUA

Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga mlango, na ukae kidogo macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama ya mkaa kwenye fito iliyo karibu nalo.

Usitafute tundu pale tone linapoangukia tu. Maji huingia juu, hutembea juu ya mti wa paa, halafu hudondoka mbali. Fuata njia ya maji kwa kupanda kuelekea mgongo wa paa.

Angalia pia kama ni kuvuja kweli. Matone yakionekana alfajiri na usiku haikunyesha, huo ni mvuke wa pumzi na wa kupikia uliogandia kwenye plastiki baridi. Hapo kiraka hakisaidii kitu. Dawa yake ni kuacha nafasi ya hewa kwenye pembe ya juu ya ukuta, chini ya mgongo wa paa, pande zote mbili za nyumba.

Mwisho, jaribu uzima wa shitingi. Ikunje pembeni na kuikwaruza kwa kucha. Ikipasuka kwenye mkunjo au ikitoa unga mweupe na nyuzi, jua limeimaliza. Hiyo usiitie viraka, maana kiraka kitashika na shitingi itachanika kando yake.

HATUA YA 2: ZIBA MATUNDU MADOGO

Wengine hupaka lami au rangi juu ya shitingi kama wanavyofanya kwenye bati. Kwenye bati lami inashika. Kwenye shitingi haishiki, kwa sababu plastiki yake ni ya utelezi kama ya dumu la mafuta, ikikauka hubanduka. Wengine huyeyusha plastiki kwa moto ili kuunganisha. Usifanye hivyo. Moshi wake unaumiza mapafu, na nyumba inaweza kuteketea.

Kwa tundu lisilozidi upana wa kidole gumba, fanya hivi:

1. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, uiache ikauke kabisa.
2. Kama ni mpasuko, kata ncha zake ziwe mviringo. Ncha kali huendelea kuchanika kila upepo unapovuma.
3. Bandika utepe wa gundi juu na chini, ukivuka tundu kwa upana wa vidole vinne kila upande.

HATUA YA 3: TUNDU KUBWA LIANZIE MGONGONI

Hapa wengi hukosea. Hukata kiraka cha mraba, hukiweka juu ya tundu na kukifunga. Mvua ya kwanza inaingia chini ya ukingo wa juu wa kiraka, na nyumba inavuja vilevile.

Kumbuka kanuni hii: maji hutoka juu, kwa hiyo kiraka nacho kitoke juu. Kata ukanda mrefu wa shitingi nzima. Uanzie upande wa pili wa mgongo wa paa, uvuke mgongo, ushuke mpaka upite tundu kwa angalau sentimita 30. Hapo hakuna ukingo unaotazama maji. Ni sawa na manyoya ya kuku: la juu hulalia la chini.

HATUA YA 4: KUVALISHA UPYA

Ukipata shitingi mpya, usiharakishe kuitandika. Tengeneza kwanza mifupa ya paa. Badilisha miti iliyoliwa na mchwa. Kila ncha kali ya mti au kichwa cha msumari kifungwe kwa kitambaa au kipande cha shitingi ya zamani. Matundu mengi hutokea chini, pale plastiki inaposuguana na mti.

Angalia mwinuko. Kwa kila mita 1 kutoka ukutani kwenda katikati ya nyumba, paa lipande angalau nusu mita. Likilala chini ya hapo, maji yatatuama.

Sasa tupige hesabu. Shitingi ya kawaida ina mita 4 kwa 5. Nyumba yenye upana wa mita 3.5 ina nusu yake mita 1.75. Paa likipanda sentimita 90, mteremko wa upande mmoja ni karibu mita 2. Ukiigawa ile mita 5 kwa pande mbili, kila upande unapata mita 2.5. Inabaki nusu mita: sentimita 15 za kuviringisha kwenye fito na sentimita 35 za kuning'inia nje ili maji yasiguse ukuta. Ukijenga nyumba pana zaidi kwa shitingi hiyohiyo, unachopunguza ni mwinuko au kinga ya ukuta. Pima kabla ya kujenga.

Ufungaji uwe hivi:

1. Fanya kazi siku isiyo na upepo, mkiwa watu watatu au zaidi. Msikanyage shitingi. Mama mjamzito asipande juu.
2. Acha shitingi ya zamani chini ya mpya. Itaikinga na miti.
3. Viringisha ukingo wa shitingi kwenye fito ndefu, mizunguko miwili au mitatu, kisha funga fito kwenye miti ya paa. Nguvu ya upepo itagawanyika.
4. Kama lazima upige msumari, upige kwenye ule mstari mzito wa pembeni, ukiweka chini ya kichwa chake kizibo cha soda na kipande cha mpira wa tyubu. Usipige msumari kwenye mgongo wa paa.
5. Vuta mpaka ikaze. Shitingi inayopigapiga usiku haitamaliza msimu.
6. Kama ni vipande viwili, cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 30.

Kinachoua shitingi zaidi ni jua. Ukiweza, tandika nyasi kavu juu yake na uzibane kwa fito. Nyasi huikinga plastiki na kupunguza joto la mchana ndani ya nyumba. Lakini nyumba ya nyasi na plastiki haipikiwi ndani. Jiko likae nje au kwenye kibanda chake.

MAMBO YA KUEPUKA

- Usikate chandarua kutengeneza kamba ya paa. Kamba za mpira wa tyubu zinafanya kazi vizuri zaidi.
- Usiweke tairi zima juu ya paa kuzuia upepo. Hushika maji na kuzalisha mbu. Likate vipande, au tumia mifuko ya udongo.
- Usipake oili chafu kwenye miti. Inadhuru ngozi na kuchafua maji ya mvua.
- Usizibe kila upenyo. Hewa isipotembea, moshi hubaki, na kifua kikuu huambukiza kirahisi zaidi.
- Maji ya mvua ya paa la shitingi safi yanafaa kufulia. Mvua ya kwanza iache isafishe vumbi. Ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Ukimaliza juu, shuka chini. Chimba mfereji kuzunguka nyumba, mbali kidogo na ukuta, pale matone yanapoangukia, na uelekeze maji yasiende kwa jirani.

MVUA IKIINGIA NA MTOTO AKAUGUA

Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: mpeleke mara moja. Vivyo hivyo kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya. Usisubiri mvua ikatike.

Wapo kati yetu wasioweza kupanda: wazee, wajane, wagonjwa, walemavu. Vijana wa kila mtaa, gaweni siku moja kwa ajili ya paa zao. Nyumba moja yenye maji yaliyotuama huzalisha mbu wa mtaa mzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kiraka cha tundu kubwa kianzie mgongoni?
2. Utajuaje kwamba matone ya alfajiri si ya kuvuja?
3. Nyumba yako ina upana gani, na paa linapaswa kupanda kiasi gani?

Jibuni pamoja nyumbani, watoto wakiwepo. Ukikwama, muulize mhamasishaji wa afya anayepita mtaani kwako. Atakuja kukagua pamoja nawe.