Kutenganisha Mtandao wa Nyumba ya Wageni kwa VLAN

Mgeni anayepewa nywila ya Wi-Fi pale mapokezi, katika nyumba nyingi za wageni, huwa amekabidhiwa mengi kuliko intaneti. Simu yake inaingia kwenye mtandao uleule wenye kompyuta ya nakala za pasipoti, printa, na mashine inayorekodi picha za kamera za ulinzi. Programu ya bure ya simu yaweza kumworodheshea vifaa hivyo vyote. Wageni wameacha taarifa zao pale kwa kuamini zitatunzwa, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamtaka anayezikusanya azilinde.

VLAN huugawa mtandao mmoja wa waya kuwa mitandao kadhaa isiyosikiana, bila kununua swichi ya pili wala kupitisha waya mpya ukutani. Kila pakiti hubandikwa lebo ya baiti 4 yenye namba ya mtandao wake, kwa utaratibu wa IEEE 802.1Q uliochapishwa 1998. Namba unazoweza kutumia ni 1 hadi 4094. Namba 1 ndiyo swichi hutoka nayo kiwandani, kwa hiyo chagua nyingine.

Kabla ya kutoa hela, jiulize unatafuta nini. Kama ni kuwatenga wageni wa Wi-Fi tu, na ruta yako ina sehemu ya kuwasha mtandao wa wageni, iwashe, uishie hapo. VLAN inahitajika pale penye kamera za waya, au kirusha Wi-Fi kilicho mbali na ruta.

Utahitaji swichi yenye ukurasa wa mipangilio. Zile za kuchomeka na kutumia tu haziwezi kazi hii. Utahitaji pia ruta inayoelewa VLAN, na kirusha Wi-Fi chenye uwezo wa kutoa majina mawili, moja la ofisi na jingine la wageni. Ruta ya kampuni ya intaneti mara nyingi haielewi VLAN. Iache ilete intaneti, weka yako nyuma yake, kisha zima Wi-Fi ya ile ya kwanza.

Tuchukue swichi ya poti 8. Ofisi iwe VLAN 10, kamera 20, wageni 30. Nazo anwani ziwe 192.168.10.x, 192.168.20.x na 192.168.30.x, ili ukiiona anwani ujue mara moja kifaa ni cha wapi. Poti 1 inakwenda kwenye ruta, na poti 8 kwenye kirusha Wi-Fi. Hizo mbili hubeba mitandao zaidi ya mmoja, kwa hiyo pakiti zake hupita na lebo. Kwenye menyu utaona neno Tagged. Poti 2 na 3 ni za ofisi, 4 hadi 7 za kamera na mashine yake. Hizo ni Untagged, kwa sababu kompyuta na kamera za kawaida hazishughuliki na lebo. Swichi nyingi za bei nafuu zinadai hatua moja zaidi, yaani kuweka namba ileile kwenye PVID, namba ambayo poti huzipa pakiti zinazoingia bila lebo, kwa kila poti ya Untagged. Ikisahaulika, kifaa hakipati anwani, na fundi atahangaika kubadilisha waya usio na kasoro.

Hapa ndipo kazi nyingi huachwa nusu. Swichi imetenganisha, lakini ruta kazi yake ni kuunganisha mitandao. Ruta nyingi, zisipokatazwa, zitapitisha pakiti za mgeni hadi kwenye kompyuta ya ofisi. Kanuni za ruta ndizo zinazolinda. Namba peke yake hailindi. Ruhusu majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa, ruhusu ofisi kufika kwenye mashine ya kamera, ruhusu ofisi na wageni kwenda intaneti, kisha kataza mengine yote. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo katazo la jumla likae mwisho. Mzuie mgeni pia asifungue ukurasa wa mipangilio ya ruta, ila umwachie DHCP, inayompa anwani, na DNS, inayotafuta anwani za tovuti, la sivyo hatapata intaneti kabisa.

Kamera zinyime intaneti. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani zilizoachwa na nywila za kiwandani. Mwenye nyumba akitaka kuziangalia akiwa safarini, aingie kwa VPN ya ruta. Saa za kamera zichukuliwe kutoka kwenye ruta, maana picha yenye saa isiyo sahihi haimsaidii polisi.

VLAN haiwatengi wageni wao kwa wao. Utengano huo huwashwa kwenye kirusha Wi-Fi chenyewe.

Unapobadilisha, iache poti moja kama ilivyokuwa hadi umalize, usije ukajifungia nje. Kwenye MikroTik washa Safe Mode, ambayo hurudisha mipangilio ya awali muunganisho wako ukikatika. Kisha ingia Wi-Fi ya wageni kwa simu na ujaribu kufungua 192.168.10.1 (anwani ya ruta upande wa ofisi), printa na mashine ya kamera. Visifunguke. Mwisho bonyeza Save: kwenye swichi nyingi, usipofanya hivyo, umeme ukikatika mipangilio yote inapotea.