Dalali Akitaja Bei ya Mzigo

Mwenye lori moja huanza kupunjwa kabla simu haijaita. Gari limelala Tabata siku ya nne, dereva anaomba hela ya kula, marejesho ya benki yanakaribia. Dalali akipiga, unapokea bei yoyote. Ndiyo maana hesabu inatakiwa ipigwe mapema, ukiwa umetulia: andika kwenye daftari bei ambayo chini yake ni heri gari lilale.

Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita 830 hivi. Tuseme semi yako ikiwa na mzigo inakwenda kilomita mbili kwa lita, na ikirudi tupu kilomita tatu. Kwenda ni lita 415, kurudi lita 277. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, mafuta peke yake yamekula zaidi ya shilingi 1,900,000. Hapo hujamlipa dereva na utingo, wala hujatenga fungu la matairi, bima na leseni ya LATRA. Wengi huishia kwenye mafuta na posho, kisha kinachobaki wanakiita faida. Matairi hayadai kila wiki. Yakidai, yanadai yote kwa mkupuo.

Hesabu nyingine ni ya siku, na madalali wanajua kwamba wengi hatuipigi. Tripu ya Lubumbashi inayokuachia milioni nne baada ya matumizi inasikika tamu kuliko ya Mbeya inayokuachia milioni moja na laki mbili. Lakini ukikaa foleni Tunduma, ukakaa tena Kasumbalesa, kisha ukasubiri kupakua hadi safari ikamaliza siku 25, umepata shilingi 160,000 kwa siku. Ile ya Mbeya ikiisha kwa siku sita, ni 200,000. Kwa hiyo zipiganie siku kama unavyopigania shilingi.

Sasa simu imeita. "Bosi, nina mzigo wa Mbeya, tani 28, milioni mbili na laki tano. Gari iko wapi?"

Swali hilo la mwisho liruke. Akijua gari limelala tupu siku tatu, bei inashuka hapo hapo. Muulize wewe: "Mzigo gani, kaka? Unapakia wapi, saa ngapi? Hela inatoka kwa nani?" Magunia yanayopakiwa kwa mabega yanaweza kukulia siku nzima, na hiyo siku ina bei yake. Anayejikanyaga kwenye swali la hela huenda ni dalali wa dalali, na kila mmoja njiani ameshakata chake.

Kisha taja yako, pamoja na sababu: "Hiyo haifiki, kaka. Mafuta tu ni karibu milioni mbili, na narudi tupu. Milioni tatu na laki nne, napakia leo." Ukishasema, nyamaza. Akidai kuna gari jingine linasubiri, mtakie kheri. Lingekuwapo kweli, asingepoteza vocha kukupigia. Akigoma kupanda, hamia kwenye masharti: advansi asilimia 70 kabla ya kuondoka, wapakuaji juu yake, na gari likilala bila kupakuliwa zaidi ya siku moja, laki mbili kwa kila siku. Dalali mgumu wa bei mara nyingi ni mwepesi hapa, kwa kuwa anaamini siku hizo hazitafika. Zikifika, utashukuru. Na ule wimbo wa "huu chukua hivyo hivyo, wa wiki ijayo nitakupa mzuri" uache upite. Ahadi haijazi tenki.

Uzito usiupatane kabisa. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, semi ya ekseli sita inaishia tani 50 pamoja na gari lenyewe: 8 mbele, 18 nyuma ya kichwa, 24 kwenye tela. Dalali anayekwambia uongeze tani tatu kwa laki mbili hatakuwa nawe mizani ya Vigwaza.

Mzigo wa kurudi utafutwe kabla hujaondoka Dar. Kuna mchele wa Mbarali, viazi, mbao za Mafinga. Wakati wa mavuno malori hugombewa, na hapo bei unaipanga wewe. Mzigo wa kurudi unaweza kuuchukua kwa bei ya chini kidogo kuliko wa kwenda, ila usimwambie hivyo dalali wa Mbeya.

Mkielewana, yaandike yote kwenye WhatsApp: bei, tani, advansi, siku za kusubiri, tarehe ya kumaliziwa salio. Ajibu "nimekubali" kabla gari halijaingia getini. Mzigo ukishuka, deliveri isainiwe, igongwe muhuri, na dereva aipige picha akiwa bado pale pale. Bila karatasi hiyo, salio ni hadithi ya kila Ijumaa.

Na ukipewa kazi ya miezi kadhaa kwa bei moja, usikimbilie kusaini. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Andikeni kwenye makubaliano bei ya dizeli mliyoipigia hesabu, na kwamba ikipanda mnakaa tena. Dalali anayekataa mstari huo, fanya naye tripu moja moja tu.