Gari hadi Wembley?

SWALI: Naishi Birmingham. Mwezi ujao nawapeleka wadogo zangu London, kwenye tamasha la muziki wa roki uwanjani Wembley. Je, niendeshe hadi uwanjani?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Uwanja huo huchukua watu 90,000, na siku ya tamasha wageni hawaruhusiwi kuegesha mitaa ya jirani. Asiye na kibali hupigwa faini. Maegesho ya uwanjani nayo hulipiwa mapema.

Shikeni M40, mwache gari stesheni ya Hillingdon, kisha mpande treni ya Metropolitan hadi Wembley Park. Hakikisha kwanza saa ya treni ya mwisho.

Kagua pia namba ya gari lako kwenye tovuti ya Transport for London. Magari yanayochafua hewa, hasa ya dizeli ya zamani, hulipa pauni 12.50 kwa siku, na siku hiyo huisha saa sita usiku. Mkiondoka baada ya hapo, utalipa mara mbili.

Ukisikia usingizi njiani, simama upumzike. Wadogo zako wako mikononi mwako.